Gari la Chabani kwenye Msafara wa Muyinga

Chabani, jirani yetu wa mtaa wa Yoba pale Gitega, aliendesha bisi za watu mpaka ndevu zikaanza kuwa nyeupe, ndipo akapata gari lake mwenyewe. Ni Peugeot 404 ile ndefu ya nyuma, rangi ya chai ya maziwa. Mzungu mmoja wa mradi alimwachia kwa bei ya haraka vita vilipoanza na kila mgeni akawa anafunga mizigo. Siku ile Gitega nzima ilimsikia, maana alizunguka mji akipiga honi kama mtu anayemwoza binti.

Nilikuwa napenda kumuuliza maswali, naye alipenda kujibu. Nilimuuliza gari lina uzuri gani kuliko bisi. Akaniambia kwamba bisi ina mabwana wengi: unangoja mama amalize kununua ndizi, unangoja padri ajisaidie, unangoja kuku afungwe vizuri juu ya keria. "Lakini ukiwa na gari yako," akasema, "we unageuza ufunguo tu, unaenda."

Mi nilitazama gari lenyewe, limekaa chini ya turubai la shitingi mwaka wa pili. Siku hizo hakuna aliyegeuza ufunguo akaenda. Mtu wa kwenda Muyinga, awe na gari, awe hana, alifika kwenye baryeri, kile kizuizi cha barabarani, alfajiri na kungoja wanajeshi wapange msafara. Malori yalitangulia, kisha magari madogo, kisha bisi, na askari mbele na nyuma. Na mafuta pia yalikuwa shida. Mipaka ilifungwa, esanse ikawa inapenya kutoka Tanzania kwa kujificha na kuuzwa kando ya njia kwenye chupa. Wenye bisi walikuwa wa kwanza kupata. Chabani aliosha gari kila Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda msikitini, akalifunika tena.

Basi siku moja Zuberi, dereva wa bisi ya Muyinga, aliyekuwa utingo wake zamani, akaja na habari. Mama yake Chabani, Bibi Riziki, aliyekuwa akikaa Muyinga kwa binti yake Amisa, alikuwa amevimba tumbo na hawezi tena kukaa. Waganga wa zahanati ya kule walisema apelekwe hospitali ya Gitega akapasuliwe. Kwenye bisi hawezi kupanda, anataka kulala.

Zuberi akamwambia kwamba kesho anarudi Muyinga, siti ya mbele ni yake. Wafike kwanza, mengine watayaona kulekule. Chabani akakataa. Mama anataka kulala, na nyuma ya 404 godoro zima linaingia. Atatafuta esanse ya kwenda na kurudi, ataenda na msafara unaofuata. Akamtuma Zuberi aseme hivyo kwa dada yake: mama atulie, mimi nakuja na gari.

Mama yangu alisikia, akamwambia Chabani polepole, "Baba Ilyasi, si uende tu ukamuone." Akamjibu kwamba mtoto mwenye gari hawezi kufika kwa mama yake mgonjwa mikono mitupu, watu watasema nini. Hata mama yangu aliona ni kweli.

Esanse ilipatikana. Lakini Yoba ikishasikia kwamba gari linakwenda kwa mgonjwa, hilo gari si la mtu mmoja tena. Kumwendea mgonjwa ni thawabu, na kumnyima mtu nafasi ya thawabu ni vigumu kuliko kumnyima chakula. Akaja Mzee Nassoro na mke wake. Akaja Zaituni na sufuria la wali lililofungwa kitambaa. Wakaja wengine wawili, na mkungu wa ndizi, na madumu ya esanse, na godoro la mgonjwa juu ya yote. Mi nilikuwa narudi shule Muyinga, likizo imeisha, na Chabani aliniambia niingie, bado kuna nafasi. Mama akanivuta sikio kidogo, akanipeleka kwenye bisi ya Zuberi, aliyekuwa ameshakwenda Muyinga na kurudi. Nilikasirika, maana sikuwahi kupanda 404.

Kwa hiyo nilikuwa nyuma yake njia yote. Nilikuwa nimekaa karibu na Zuberi, naona mgongo wa gari ukiwa chini, karibu kufagia barabara. Zuberi alikuwa anacheka, anasema rafiki yake amebeba msikiti mzima, bado mnara. Tulipopita Karuzi na mlima ukaanza, akaacha kucheka. Moshi mweupe ulikuwa unatoka mbele ya 404. Ikaenda kidogo, ikakohoa, ikasimama.

Sheria ya msafara kila mtu aliijua: gari likifa halingojewi. Watu wake wanagawanywa kwenye magari mengine, lenyewe linasukumwa kando. Mwanajeshi mmoja akashuka anapiga mkono kwenye bodi, haraka, haraka. Mzee Nassoro na wenzake wakaingizwa kwetu, na sufuria la wali likafika mapajani mwangu, bado lina moto. Zuberi akatoa kichwa dirishani.

"Chabani, panda. Acha hiyo chuma, haina mama wa kulia."

"Na wangu nitamubeba na nini? Na mugongo?" Chabani alikuwa amefungua boneti, mvuke umemfunika mpaka kiunoni. "Iko na kiu tu. Ikipoa, nitawafuata."

"Nyuma yetu hakuna mutu, kaka."

"Nenda, Zuberi. Mwambie mama nimefika Karuzi."

Nilimtazama kwa kioo cha nyuma mpaka kona ikamla.

Muyinga tulifika jua bado liko. Tulikwenda sote moja kwa moja kwa Amisa, maana mtu hapeleki habari kama ile peke yake. Uani kulikuwa kumefagiliwa, na lango la mabati limeng'olewa ili gari liingie mpaka mlangoni. Amisa akatoka, akatuhesabu kwa macho, akatazama nyuma yetu. Zuberi akamweleza. Amisa akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Ndipo tulipojua. Jana yake shirika moja lilikuwa limempeleka mama mjamzito Gitega kwa gari lao la wagonjwa, lenye kitanda na daktari ndani. Wakapita kumuuliza Bibi Riziki kama anataka kwenda nao. Amisa alikuwa amekwisha kumvalisha. Bibi mwenyewe akakataa. Alisema hawezi kubebwa na wageni kama mtu asiye na mtoto, na wake yuko njiani na gari. Majirani wote wakasema ni kweli, ni aibu. Lile gari likaondoka.

Nilipelekwa ndani kumsalimu. Alikuwa mdogo sana kitandani, tumbo tu ndilo kubwa. Alidhani mimi ni mjukuu wake. Akaniuliza kama gari la baba lina viti vizuri. Nikamwambia ndiyo, bibi.

Alikufa kabla ya alfajiri. Wakamwosha, wakamsalia, adhuhuri alikuwa ameshazikwa, kama dini inavyotaka. Chabani aliingia Muyinga siku mbili baada ya mazishi, kwa miguu na kwa kubebwa na watu wa baiskeli, viatu mkononi. Gari lilikuwa limekataa kuwaka. Aliliacha jioni ya siku lilipokufa, milio ya risasi ilipoanza kusikika kilimani, na wapita njia walimwambia kwamba kufika asubuhi halikuwa na magurudumu wala viti.

Alinikuta uani kwa Amisa, nimekuja kutoa pole baada ya shule. Alikuwa ameshaonyeshwa kaburi. Hakulia. Akaniuliza mama alisema nini mwisho, nami nikamweleza kuhusu gari la shirika, maana nilidhani ameshaambiwa. Hakuwa ameambiwa. Nilimwona akihesabu siku kwa vidole, taratibu, akirudi mpaka ile ya Zuberi na siti ya mbele.

"Ningekuja na bisi," akasema, "angepanda lile."

Amisa alikuwa anarudisha lango la mabati, anapigilia misumari kwa jiwe, naye Chabani akainuka, akaenda kumshikia.