Kazi ya Simiyu

Kabla hujaanza kusema nilikuwa nimelewa, jua mimi pombe sionji. Haya yalinipata mwenyewe, hapa Kitale, Jumapili saa tisa mchana, mvua ikinyesha.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa na duka la kompyuta: kuchapa barua, na vijana kucheza gemu. Rafiki yangu Simiyu alikuwa fundi wa kompyuta Bungoma. Huyo jamaa alikuwa na kichwa, niamini. Alichukua gemu mbili, moja ya mapanga na wachawi, nyingine ya mji uliobomoka, zile ambazo unamlea mtu wako miezi mingi hadi awe shujaa, akatengeneza mod, yaani programu ya nyongeza, ya kuziunganisha. Mtu wako anatoka gemu hii, anapita kwenye lango, anaingia ile nyingine. Kazi ya miaka miwili hiyo. Juu ya lango aliandika: Kazi ya Simiyu. Akanipa kwenye CD niijaribu, nimwambie kama inafaa watu waitumie.

Kabla sijamjibu, malaria ikamuua.

Sasa sikia upumbavu wangu. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi wafiwa wananyolewa, na inaulizwa mbele ya wote: nani ana kitu cha marehemu? Mjomba wake aliuliza mara mbili. Mmoja akarudisha jembe, mwingine redio. Mama Simiyu alikuwa ananiangalia. CD ilikuwa kwenye koti langu, na mimi nikanyamaza. Kwa nini? Tamaa, basi. Nilitaka nisifiwe mimi.

Nikarudi Kitale, nikafuta jina lake pale langoni, nikaweka langu. Vijana wakajaa dukani, wakaniita fundi. Nilijisikia vizuri, sidanganyi.

Jumapili hiyo nilikuwa nimefunga duka, nacheza peke yangu. Nikamfikisha mtu wangu langoni, nikakuta mwanamume amesimama hapo. Gemu zote mbili hazina mtu kama huyo. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, ile tuliyomzika nayo Simiyu. Maneno yakajiandika chini ya skrini.

"Iliulizwa mara mbili, bana. Mbona ulinyamaza?"

Nikaandika: nisamehe, ndugu yangu. Akajibu hapo hapo.

"Ulifuta langu. Na mimi nafuta lako."

Akamshika mtu wangu mkono, wakapita langoni. Jina lililokuwa juu ya kichwa cha mtu wangu likabadilika, likawa Simiyu. Hapo ndipo nikagundua redio ya kinyozi wa jirani imenyamaza. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Sasa niambie wewe, kompyuta yangu ilikuwa inawaka na nini?

Kesho yake asubuhi nilienda Bungoma, nikamwekea mama yake ile CD mapajani, nikaungama yote. Hakunifokea. Alisema tu, "Siku ya kunyoa ilipita, mwanangu," akaingia ndani nayo.

Tangu hapo, jina langu likipita kwenye kompyuta linatoka lake. Kitambulisho kilitoka Simiyu. Nikakirudisha, kikatoka Simiyu tena. Binti yangu alipozaliwa, cheti chake kikaandika baba ni Simiyu, mtu aliyekuwa kaburini miaka mitatu! Mke wangu alilia wiki nzima. Shuleni huyo mtoto anaitwa kwa jina la baba ambaye si mimi, na mimi ndiye ninayemtafutia chakula.

Vijana bado wananiuliza, tuunganishe gemu mbili au tuache? Unganisheni. Lakini ulizeni kwanza kazi ni ya nani, na jina lake mliache pale alipoliweka. Na wewe unayekaa kwenye kunyoa na kitu cha mtu mfukoni, kitoe mara ya kwanza ikiulizwa.

Kisa hiki nimekichapa mwenyewe. Juu kabisa niliandika kuwa ni kazi yangu, na jina langu. Rudi uangalie limetoka lipi. Safari hii sikuthubutu kulifuta.