Kipimo Kimegoma Thelathini na Nane

Na msiniambie tena eti angetia sukari tu yaishe. Mmeshanichosha na sukari yenu. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo jikoni siku ile. Mimi nilikuwepo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa hiyo nyamazeni niseme.

Baba yangu mdogo ni fundi bomba. Wiki nzima yuko chini ya masinki ya watu, Jumamosi anapika bia nyumbani kwake. Ya kwanza ilitoka nyepesi. Ya pili nyepesi. Ya tatu, mjomba, yaani kaka yake mama mdogo, alionja akauliza kama bia imeshatiwa au bado.

"Shemeji, we fundi bomba kweli. Hata pombe yako inatoka bombani."

Mama mdogo hakucheka. Sufuria ile kubwa ni yake, jiko ni lake, na kila Jumamosi watoto wanashinda na mkate mkavu. Alisema mara moja tu: "Baba watoto, hii ya nne ndiyo ya mwisho. Ikitoka maji, sufuria yangu inarudi kazini, na hivyo vidubwana vyako nagawa."

Huyo mama akisema nagawa, anagawa. Redio alishaigawa.

Basi baba mdogo akapika kama mtu yuko kwenye mtihani. Alisaga kimea mwenyewe, akakiloweka kwenye maji ya moto, akachuja, ikapatikana juisi ya kahawia lita ishirini na mbili, tamu mpaka inanata vidoleni. Akaiweka motoni ichemke saa moja na nusu. Katikati akaitwa kwa jirani, bomba limepasuka. Mimi na mjomba tulikuwa uani tunabishana mambo ya mpira.

Alivyorudi muda ulikuwa umetimia. Akazima jiko, akakoroga, akachota kidogo kwenye glasi ndefu. Mi nikataka kutumbukiza kipimo pale pale. Kipimo chenyewe ni kijiti cha kioo chenye namba, kinaelea. Juisi ikiwa nzito kinapanda, ikiwa nyepesi kinazama. Akanigonga kidole kwa mwiko.

"Ikiwa ya moto inadanganya."

Akaiweka glasi kwenye beseni la maji baridi, tukasubiri. Alitaka hamsini. Kipimo kikasimama thelathini na nane. Akakoroga tena, akachota pengine, akapooza. Thelathini na nane.

"Tia sukari, shemeji," mjomba akasema. "Kilo moja tu. Kinapanda chenyewe, nani atajua?"

"Mdomo utajua. Sukari inaleta ukali, uzito hauleti. Yatakuwa maji makali."

Mi damu ilishapanda. Nikasema aliyemuuzia kimea ni mwizi, naenda kumpindulia meza yake. Baba mdogo wala hakunisikia. Ule mwiko wake mrefu ameuchonga alama kwa msumari, kila alama lita moja. Akauzamisha wima, akautoa, akahesabu.

"Ishirini."

"Ishirini nini?"

"Lita. Niliweka ishirini na mbili, imechemka saa na nusu, ilitakiwa ibaki kumi na tano. Hizi tano zimetoka wapi?"

Mama mdogo alikuwa mezani anakata vitunguu. "Si ilikuwa inakauka," akasema.

"Nini inakauka?"

"Sufuria. Nimepita nimeona imepungua, nikaongeza jagi mbili na kidogo. Unaacha kitu motoni unaondoka, ulitaka niache kiungue?"

"Leo tu?"

Akakata kitunguu kingine. "Siku zote naongeza."

Mjomba alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mi nikaangalia mkono wa baba mdogo, nikasema hapa mwiko unaruka. Haukuruka. Aliwasha jiko tena, akavuta kigoda, akakaa.

"Lete na mimi kitunguu nikate."

Wakakaa hivyo zaidi ya saa nzima, mvuke unatoka. Kila juisi ikishuka, mama mdogo anaangalia jagi, mkono unamwasha. Ilipofika alama ya kumi na tano baba mdogo akazima, akapooza, akapima. Hamsini. Ikapoa yote, akatia hamira, akafunika.

Baada ya wiki tatu mama mdogo alifungua chupa ya kwanza mwenyewe. Akanywa. Akanywa tena. Mjomba akanyoosha mkono.

"Subiri, kaka. Sijamaliza kuhakikisha."

Jumatatu yake akaenda kununua sufuria nyingine ya chakula.

Halafu mkasikia. Mkaja wote, mkanywa, mkaondoka na chupa mikononi kama mmezizaa. Zilikuwa ishirini na nane, zimerudi nne. Kimea kipo, sufuria ipo, ruhusa ipo, na mtu hawezi kuweka bia kwenye viganja. Nimeshapita milango yenu mara mbili kwa adabu. Osheni hizo chupa, mzirudishe kabla ya Ijumaa.