Vidole vya Baba

Juzi binamu yangu alinitumia video ya zamani ya bendi moja ya roki ya Nairobi, ya zile nyimbo ndefu ambamo kinanda hulia muda mrefu kabla mtu hajaimba. Mpiga kinanda alikuwa baba yangu, kijana mwenye nywele nyingi. Mtangazaji alipomhoji, alisema akicheka kwamba ataacha muziki siku atakayokufa. Niliitazama peke yangu jikoni. Baba tulishamzika, na hakuwahi kuniambia kwamba alipiga muziki.

Mimi nilimjua kama mwenye duka katika soko la Kwa Vonza, aliyenilea peke yake baada ya mama kufariki.

Alasiri moja nikiwa bado mdogo, duka likinuka mafuta ya taa na sabuni ya kipande, alikuja mgeni mwenye viatu vya kung'aa. Nilidhani ni polisi amekuja kumshika baba.

"Wenzako wote wamerudi," mgeni alisema. "Tunangoja wewe tu."

"Na huyu mtoto nimwachie nani?" baba akamuuliza.

Mgeni alipoondoka, baba aliketi nyuma ya kaunta, vidole vikirukaruka juu ya mbao, haraka, bila kupumzika. Niliogopa.

"Baba, vidole vinakuuma?"

Akavitazama. "Vinauma, Mwende."

Nikaleta mafuta ya kuchua, yale yenye harufu kali, nikamchua kidole kimoja kimoja. Machozi yakaanza kumtoka.

"Pole, baba, ni hii dawa," nikamwambia. "Itapita."

"Ndiyo," akaitikia. "Itapita."