Mpini wa Mchinjaji

Mimi ni mtu wa kinyaa na sioni haya kulisema. Chai ikiletwa kwenye kikombe chenye alama ya midomo ya mtu mwingine, kiu imeisha. Mtu akipiga chafya upande wa sahani yangu, nimeshiba. Mke wangu husema mimi hunawa mikono kwanza ndipo niende kunawa mikono, na watoto wameshajua kwamba ukitaka kula nyama ya baba, iguse kwa kidole tu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kujitafutia kazi ya kutia mipini kwenye visu. Zamani nilikuwa seremala wa milango. Vumbi la mbao ni safi, halinuki, ukilikung'uta limekwenda. Lakini mji wetu wa Dodoma ulipoanza kujaa watumishi wa serikali na nyumba mpya, ikaingia milango ya kiwandani, na mimi nikabaki na jiliwa yangu ya kubania vitu, tupa, na vipande vya mninga visivyotosha mlango. Mhunzi mmoja akaniletea visu vitupu alivyofua kutoka springi za magari, akaniomba nivitie mipini. Nikavitia, akaleta vingine. Kibanda changu kiko pembezoni mwa soko la Majengo hadi leo.

Visu vipya havina shida. Shida ni vya kutengeneza. Watu hawajui kilichomo ndani ya mpini wa kisu kinachokata nyama kila siku, na heri wasijue. Mpini ukilegea kidogo tu, damu na mafuta hupenya, maji ya kuoshea yakafuata, na vyote vikakaa mle gizani miezi na miezi. Ukiuvua unakuta uji mweusi unaonata, wenye harufu ya panya aliyekufa darini. Niliwahi kukuta funza. Kilikuwa kisu cha mama mmoja mpishi wa shughuli, mtu nadhifu, kanga zake zinanukia udi. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikatapika, na tangu siku hiyo nikialikwa mahali popote hula nyumbani kwanza.

Ndiyo maana gundi kwangu si jambo la mchezo. Gundi ya mpini haitakiwi kushika tu, inatakiwa kuziba, pasipenye hata jasho. Tunayotumia huja kwenye mirija miwili. Mmoja una gundi yenyewe, mwingine una hadina, ile dawa inayoigandisha. Unakamua sawa kwa sawa, unakoroga, unapaka, unasubiri. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya mtoto. Nenda sasa madukani. Ipo ya dakika tano, ipo ya saa moja, ipo ya kuganda siku nzima, zipo zenye picha za meli na ndege, na zipo bandia ambazo jina lake ni lile lile isipokuwa herufi moja. Muulize muuzaji ipi nzuri, atakwambia zote nzuri, huku anachokonoa meno. Hadina nyingine inanuka mkojo, nyingine inanuka samaki walioharibika, na ikikugusa kidoleni haitoki mpaka kesho yake, unashika nayo mkate na kuila. Nakichukia kitu kile kwa moyo wangu wote.

Katika wateja wangu alikuwepo mzee mmoja Mrangi, mchinjaji. Alitoka Kondoa ujanani akahamia Majengo, na pakiwa na harusi, hitima au Idi, yeye ndiye huitwa. Alikuwa na kisu kimoja tu, kirefu, alichokinoa mwenyewe na hakuna mwingine aliyekigusa. Mimi ni Mgogo na Mkristo, lakini nilipenda kumsikiliza akieleza kazi yake. Mnyama asikione kisu. Asichinjwe mbele ya mwenzake. Mkono upite bila kuinuliwa mpaka kazi iishe. Ukiinua kisu kabla hujamaliza umeshaleta mashaka, na nyama ya mashaka yeye hamlishi mtu.

Mwaka juzi aliniletea hicho kisu chake, mpini umepasuka. Aliniomba mpya usiwe na misumari, kwa sababu misumari ya ule wa zamani ilikuwa imechomoza inamkwaruza kiganja. Maana yake mkia wa kisu, ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini, ungeingia kwenye tundu la mbao na kushikwa na gundi peke yake. Nilimwambia hakuna tabu, nikanunua ile ya kuganda siku nzima, ghali kuliko zote dukani.

Jioni nilipouvua ule mpini uliopasuka, nikakutana na yale yale, na mengi kuliko nilivyozoea. Mkia wote ulikuwa umevaa ukoko wa damu ya miaka, kutu na shahamu, na ulikuwa na unyevu. Kazi ilitaka niukwangue kwa tupa, niupige msasa mpaka chuma kitoke kikiwa cheupe, niupanguse kwa spiriti, kisha nirudie tena. Hilo ndilo ningemfundisha mtu yeyote. Mimi nilichofanya ni kulowesha kitambaa kwa petroli, nikageuza uso pembeni, nikaupangusa mara mbili tatu bila kuutazama, nikaupaka gundi nyingi na kuuzamisha kwenye mbao haraka haraka, usionekane tena. Upande wa nje sasa, hapo nilijitahidi. Mninga mwekundu, laini, umekaa kiganjani sawasawa. Mzee aliugeuzageuza akasema fundi una mkono mzuri, nami nikakubali sifa.

Wiki chache baadaye alikuja asubuhi, sijamaliza hata kufagia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Aliweka juu ya meza yangu kisu kilichofungwa gazeti, halafu akatoa mpini mfukoni mwa kanzu akauweka kando yake. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa bendeji mpaka kwenye kiganja.

Alinieleza taratibu. Ilikuwa harusi, huko Miyuji. Ng'ombe ameshalazwa, wanaume wamemshika miguu na pembe, wageni wamezunguka. Mzee ameshataja jina la Mungu, ameshaanza. Katikati ya mkato kisu kikageuka ndani ya mpini, halafu mpini ukatoka. Mkononi akabaki na mbao, na kisu kikabaki shingoni mwa mnyama. Ilibidi akitafute kwa vidole mle mle kwenye damu, akishike chuma kitupu, amalize kumpumzisha, na ng'ombe muda wote huo anakoroma na kupiga mateke. Hapo ndipo alipojikata. Wapo waliomwambia amerudisha kisu haraka kwa hiyo nyama inafaa. Yeye akasema haifai. Wenye harusi wakaenda kutafuta mbuzi, akawachinja kwa kisu cha kuazima, na ng'ombe mzima akapelekwa kwa mtu anayefuga mbwa.

"Wamekuuzia gundi bandia, fundi," alisema.

Alinipa udhuru yeye mwenyewe, bila mimi kuuomba, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Nikasema naam, mji umeoza, hakuna kitu halisi siku hizi. Jirani yangu anayechoma nyama, aliyekuwa anasikiliza, akadakia kwamba wangemwita yeye, kwani walevi wake hawaulizi ng'ombe alikufaje. Akacheka. Huyo bwana hupangusa jasho la shingoni kwa kitambaa kile kile anachofutia ubao wa kukatia nyama. Nilimwambia aondoke mbele yangu.

Nikaenda dukani nimefura. Nilimsema yule muuzaji mbele ya wateja wake mpaka akaacha kuchokonoa meno. Akaapa mzigo wake ni halali. Nikaona dawa yake ni kumuumbua, nikanunua aina nne, na ile niliyotumia kwa mzee ikiwemo. Nilirudi nikakata vipande vya springi, nikavipiga msasa vikawa vyeupe, nikavipangusa kwa spiriti, na kila kimoja nikakizamisha kwenye kipande cha mninga kwa gundi yake. Nilivipa siku mbili. Kisha nikawa navianika mchana juu ya bati la kibanda, na bati la Dodoma saa nane unaweza kukaangia yai, na jioni navitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Nilifanya hivyo wiki nzima, watu wakaanza kuuliza kama nimeanza uganga.

Ya dakika tano ililegezwa na jua tu, nikaichomoa kwa mkono. Nyingine ilikuwa bandia kweli, haikuganda kamwe, ilibaki inavutika kama kamasi, na nilipoitupa iliacha uzi mpaka kwenye suruali yangu. Ya tatu ilishika lakini maji yalikuwa yameingia pembeni. Ikabaki ile ya mzee. Nikakibana chuma kwenye jiliwa, nikaipiga mbao kwa nyundo, nikitaka itoke niipeleke dukani hivyo hivyo. Mbao ikapasuka. Gundi haikutoka. Vipande vya mninga vilibaki vimeng'ang'ania chuma, na hata kwa patasi sikuweza kuvibandua vyote.

Nilikaa nikakitazama kile chuma kwa muda. Halafu nikauchukua mpini wa mzee, ambao tangu alipouacha mezani pamoja na kisu sikuwa nimeugusa, nikaupasua katikati. Gundi ilikuwa imeganda barabara, ngumu, imeshikana na mbao pande zote. Upande wa ndani ilikuwa imechukua umbo la mkia wa kisu, na juu ya umbo hilo kulikuwa na utando mweusi wa shahamu. Gundi ilikuwa imeushika uchafu, na uchafu haukuwa umeshika kitu.

Sijawahi kujichukia namna ile. Maisha yangu yote nimewaonea watu kinyaa, makucha yao, vitambaa vyao, vikombe vyao, nikijihesabu kuwa msafi kuliko wao. Kumbe mtu msafi anaweza kuufunika uozo kwa mninga wa kung'aa na kumkabidhi mwenzake aushike mbele za watu. Yule mchoma nyama angalau uchafu wake uko nje, kila mtu anauona. Nilipofika nyumbani sikula. Mke wangu alidhani nimekutana na funza wengine.

Ningeweza kunyamaza. Mzee alishamhukumu muuza gundi, na muuza gundi hakumjua mzee. Nilinyamaza siku mbili kweli, na siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta barazani peke yake.

"Haikuwa gundi, mzee," nilimwambia. "Gundi ilikuwa nzima. Niliona kinyaa kuugusa ule mkia, nikaufunika na uchafu wake."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningefurahi kama angenitukana. Alikuwa anakitazama kidole chake.

"Yule ng'ombe aliniangalia," alisema. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniangalia."

Nilipoinuka kuondoka aliniambia nikitengeneze kisu kama nitaweza, na kwamba msumari mmoja ataukubali.

Nilikitengeneza. Safari hii sikugeuza uso. Niliukwangua ule ukoko kwa tupa na kwa kucha zangu, bila glavu, ukanidondokea mapajani, na harufu ikanikaa puani mpaka machozi yakanitoka. Nikapiga msasa, nikapangusa, nikatazama, nikapiga tena. Gundi nilitumia ile ile. Nikapitisha msumari mmoja wa shaba, nikausawazisha na mbao mpaka kidole hakiuhisi. Baada ya siku tatu nilikibana kisu kwenye jiliwa nikaning'inia kwenye mpini kwa uzito wangu wote, nikaona haujasogea hata unywele. Nikampelekea. Akakipokea, akashukuru, akakiweka juu ya mkeka bila kuugeuzageuza mpini.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mbuzi wa akika ya mtoto mchanga nyumba ya tatu kutoka kwake, nikaomba nije nisimame tu. Nilitaka kuuona ule mpini ukifanya kazi. Mbuzi alikuwa ameshalazwa, watu wanasubiri. Mzee alikuwa amejitenga ukutani, kisu amekificha chini ya kanzu mnyama asikione, na nilipomsogelea nikaona anafanya kitu. Alikuwa na ukanda mrefu wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Aliuzungusha kwenye mpini, akaupitisha juu ya vidole vyake, akauzungusha tena mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa anajifunga kisu mkononi. Mninga wangu wote ulikuwa umefunikwa.

"Mpini hautoki, mzee," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Nimeujaribu mwenyewe."

"Najua hautoki," alisema. "Ni mkono huu, fundi. Umeshajua kuogopa."

Kisha akaninyooshea ncha ya ule mpira, kwa kuwa mtu hawezi kujifunga fundo kwa mkono mmoja. Nikaifunga.