Mtafsiri wa sinema za angani anayemwita kaka yake

Saa tisa alasiri, jua la Segese, kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kahama, linawaka kama limetumwa, na ndani ya kibanda cha video kilichozungushiwa turubai jeusi watu wamebanana wakicheka mpaka wanashika mbavu. Kwenye runinga, chombo cha angani kimeharibika, na nahodha wake ameshuka kwenye sayari ngeni kutafuta spea. Pembeni, juu ya kreti la soda, ameketi Martina Ndaki (34), maiki mkononi, akimpa nahodha huyo maneno ambayo mwenye filamu hakuwahi kuyaota.

"Shikamoo mzee mwenye macho matatu! Hapa mnauza feni belti?" anauliza kwa sauti nzito ya kiume.

"Marahaba! Zipo, ila ya chombo chako mpaka tuagize Kahama," anajijibu mwenyewe, safari hii kwa sauti ya puani.

Martina ni mtafsiri wa filamu. Hii ni ya tisa katika mfululizo wa safari za angani ambao wachimbaji wa ukanda huu wameufuata miaka nenda miaka rudi, na ndiyo yenye vichekesho kuliko zote. Kiingilio ni shilingi 500. Siku njema anaondoka na elfu kumi na tano. Anachosema hurekodiwa, watu wakanakili kwenye memori kadi, na kadi hizo husafiri mifukoni hadi kambi za Geita ambako yeye hajawahi kukanyaga.

"Sauti yangu imetembea kuliko mimi," anasema. "Na huko ndiko ninakoamini aliko kaka yangu. Ndiyo maana kazi hii siiachi, hata nikiumwa koo."

Kaka huyo, Donatus, aliondoka nyumbani kwao Ngokolo, mjini Shinyanga, miaka minne iliyopita. Aliuza ng'ombe watatu walioachwa na marehemu baba yao, akaingia ubia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Duara likatoa mawe matupu. Akaona haya kurudi, namba yake ya simu ikafa, nyumbani wakabaki kusikia habari zake tu.

Mama yao, Bi Klara, hakumkasirikia hata siku mbili. Lakini macho yake yanafifia. Hospitalini Kolandoto ameambiwa jicho moja limekwenda, na la pili limebaki kidogo. Anachotaka ni kimoja tu: amwone Donatus uso kwa uso kabla giza halijaingia.

Mwaka jana, alipokuwa akitafsiri filamu ya nane, Martina alidhani amepata njia. Kulikuwa na kiumbe mwenye masikio makubwa, kipenzi cha watazamaji. Akampachika maneno yake: "Donatus wa Ngokolo! Ng'ombe wa mama umewala peke yako? Rudi, tumekusamehe mpaka kwato!"

Lo! Watu walicheka mpaka machozi. Filamu ile ikanakiliwa kuliko nyingine yoyote. Martina akakaa na simu yake, akingoja iite.

Haikuita. Aliyekuja ni Amosi, mchimbaji aliyekuwa kambi moja na Donatus huko Geita.

"Tuliitazama pamoja, benchi moja," Amosi anasimulia. "Kibanda kizima kikamgeukia. Alicheka na sisi. Lakini toka siku ile vijana wakamwita Baba Kwato. Akienda kuoga, Baba Kwato. Akiomba chumvi, Baba Kwato. Wiki haikuisha, akafunga mzigo. Hakusema anaelekea wapi."

Hapo Martina anaweka maiki chini.

"Kwetu tumekua kwa utani. Ukimtania mtu ndiyo umemwambia unampenda. Nikasahau kwamba utani ule ni wa nyumbani, mkiwa mnatazamana. Mimi nimemtangaza ndugu yangu kwenye kambi zote. Mdomo huu, jamani! Nina hamu naye mpaka inauma. Nina hamu hata na kukoroma kwake."

Filamu ya tisa ina kipande kimoja tu cha utulivu. Nahodha yuko peke yake, redio inakwaruza, na sauti kutoka nyumbani inamfikia. Leo, kilipofika, Martina alikiacha bila maneno. Watazamaji wakapiga miluzi wakidhani maiki imeharibika.

Walipotawanyika, aliingia Bi Klara, aliyesafiri kwa basi tangu asubuhi kutoka Shinyanga. Binti yake alimshika mkono, akamketisha juu ya kreti, akairudisha filamu hadi kipande kile cha redio na kumpa maiki.

"Niseme nini, Martina?"

"Sema unachotaka, mayu, mama yangu. Ila usichekeshe."

Bi Klara akaisogeza maiki mdomoni. "Donatus, ni mama yako. Ng'ombe nimeshawasahau, hata rangi zao sizikumbuki. Wewe sijakusahau. Sikuulizi kitu. Njoo tu, mwanangu. Njoo nikiwa bado naona."

Martina alibonyeza kitufe kusimamisha kurekodi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Jumatatu, anasema, Amosi atarudi Geita na kadi arobaini, azigawe bure kambi kwa kambi. "Hata kama amebadili jina, sauti ya mama hataikataa."

Bi Klara bado ameibana maiki sikioni, kama simu. Anangoja. Kisha anamgeukia binti yake.

"Mbona hajibu?"