Maji ya Matofali

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji katika miaka ile ya operesheni ya vijiji, tulipohamishwa kutoka kwenye kaya zetu zilizotawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara ya kwenda Bariadi. Uenyekiti hakuutafuta. Watu walimchagua kwa sababu alikuwa mpole na alijua kusoma. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuingizwa kwenye ualimu wa kujifunza huku unafundisha, nikapewa darasa la kwanza. Nyumbani tuliishi pia na dada yake mkubwa baba, mjane, ambaye sisi tulimwita sengi, kama Wasukuma wanavyomwita shangazi.

Kule tulikotoka kulikuwa na kisima. Hapa tulipoletwa kulikuwa na lambo tu, na ng'ombe walikunywa humo humo tulimochota. Kiangazi kilipokaza, wanawake walikwenda mbali, kwenye mto mkavu, kufukua mchanga mpaka maji yachuruzike. Watoto waliharisha. Asubuhi nyingine nilisimama mbele ya darasa na kuona nafasi zilizo wazi, nikajua sababu bila kuuliza.

Ndipo likaja agizo la kujenga ghala la pamba kwa nguvu za wananchi. Wanaume wangefyatua matofali. Maji ya kukandia udongo yangeletwa na wanawake. Kwa wiki kadhaa tulibeba. Sengi naye alibeba, ingawa goti lilikuwa linamsumbua, na jioni alimweleza baba kwamba jambo hili haliendi. Baba aliitikia, akasema atalifikiria, akaendelea kula.

Siku ya mkutano alikuja mgeni kutoka wilayani, mtu wa mikoa ya kusini, asiyejua Kisukuma. Tulikusanyika kiwanja cha shule. Wanaume walikalia madawati yaliyotolewa madarasani, wanawake tulitandika kanga chini. Mgeni alieleza kwa kirefu umuhimu wa pamba kwa taifa. Baba akamshukuru, akasema sasa ni wakati wa wananchi kutoa maoni. Mzee mmoja aliulizia dawa ya wadudu. Mwingine alisimama akapongeza hotuba, akaketi. Kwa kawaida mkutano ungeishia hapo.

Sengi akasimama. Alisalimia kwa Kisukuma na wanawake wote wakamwitikia, kisha akaanza kusema. Mgeni akaomba aseme Kiswahili. Baba akatazama huku na huku akimtafuta mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akitafsiri siku zote, lakini siku hiyo alikuwa mgonjwa.

"Mwanangu huyu atanisemea," sengi akasema, akinionyesha mimi.

Nikasimama kando yake.

"Mwambie mgeni," alianza, "matofali yanakunywa maji mengi kuliko watoto wetu."

Nikamwambia. Sengi alisubiri mpaka nimalize; Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kunisimamia.

"Ghala hatulikatai. Pamba tunapanda sisi na tunachuma sisi. Ila kuanzia kesho hatuchoti maji ya matofali mpaka kisima kichimbwe."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamia meza. Kwenye mikutano yetu kulikuwa na neno moja lililopitisha kila kitu, nalo ni "tunaomba". Lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningesema tunaomba kisima, mgeni angesema ombi limepokelewa, nasi tungerudi nyumbani kwa amani. Lakini sengi hakuwa ameomba, na pale niliposimama mdomo wangu ulikuwa wake.

"Anasema kuanzia kesho hawachoti," nikasema, "mpaka kisima kichimbwe."

Mgeni akamgeukia baba na kumuuliza huyu mama ni nani.

"Ni dada yangu," baba akajibu. "Lakini usimsikilize kama dada wa mwenyekiti. Waulize walioketi nyuma yake."

Mgeni akasema anayekubaliana naye asimame. Wa kwanza kusimama alikuwa mke wa fundi wa matofali mwenyewe. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakijifunga kanga upya. Wapo waliobaki chini, waume zao wakiwatazama, na sikuwalaumu. Mgeni alisema ghala likichelewa mwenyekiti ndiye atakayejibu huko wilayani. Baba akasema sawa, atajibu.

Jioni hiyo tulikula pamoja. Mwishoni baba akanawa mikono, akasema, "Ungeniambia nyumbani, dada."

"Nyumbani nilikuambia," sengi akajibu. "Nyumbani wewe ni mdogo wangu, unaitikia tu. Pale ulikuwa mwenyekiti."

Baba akainuka, akaenda kutazama ng'ombe.

Matofali yalipokosa maji, wanaume walianza kuchimba kisima wiki iliyofuata. Shimo la kwanza lilitoa maji ya chumvi, na wapo waliocheka kwamba hayo ndiyo matunda ya maneno ya wanawake. Shimo la pili, karibu na bonde, lilitoa maji mazuri. Pamba ya msimu ule ilikosa ghala, ikarundikwa kwenye darasa langu, nami nikafundishia nje, watoto wakihama na kivuli cha ukuta kadiri jua lilivyopanda. Ghala lilikamilika msimu uliofuata, na maji ya matofali yake yalitoka kisimani.

Baba aliitwa wilayani. Alichoambiwa hakutusimulia. Uchaguzi ulipofika, jina lake halikuwamo miongoni mwa wagombea, na hakuna aliyetaja sababu. Nilipomuuliza kama inamuuma, aliniambia amepumzika, na kwamba safari hii atalima vizuri. Nilimwamini nusu. Mara nyingi nimewaza kwamba sengi alipata kisima na mdogo wake akalipa, na kwamba wote wawili walilijua hilo tangu siku ya mkutano. Hawakulizungumza tena. Lakini tangu mwaka ule baba hakungoja kuambiwa. Asubuhi, kabla ya kupeleka ng'ombe, alikuwa anabeba ndoo ya dada yake mpaka kisimani, anaijaza, anairudisha. Kijijini kwetu mwanaume kubeba maji ya nyumbani lilikuwa jambo la kuchekwa. Walimcheka kwa muda, kisha wakazoea.