Kebo Iliyopungua Mita Tatu

Mwanangu, kabla hujashika hiyo koleo, kaa kwanza. Kuna siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau.

Nilikuwa najifunza kazi kwa Mzee Mutua, fundi wa kompyuta hapa Kalamba. Alinituma kuvuta kebo ya kupeleka intaneti ukumbi wa kanisa, kwenye kompyuta za vijana. Nilipima ukuta vizuri, ila nikasahau kuhesabu kupanda darini na kushuka. Kebo ikapungua mita tatu. Kuomba nyingine nikaona aibu, mimi mjuaji. Basi nikaunga kipande: nikazisokota zile nyaya nane za ndani, rangi kwa rangi, nikafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, vile baba alivyounga waya wa boma la mbuzi. Nikaficha kiungo juu ya dari. Intaneti ikashika, nikajisifu sana.

Wiki iliyofuata Mwende, binti wa jirani yetu, alikuja pale ukumbini, nami nikiwapo, kuomba nafasi ya chuo cha uuguzi kwenye kompyuta. Fomu ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni, na enzi hizo simu zetu zilikuwa za kupiga tu. Kufika saa nane mabati ya paa yamechemka, kiungo changu kikalegea kwa joto, intaneti ikaanza kukatika. Anajaza ukurasa, unapotea, anaanza upya. Nami nilijua shida iko wapi. Nikamwambia ni mtandao wa kampuni, atulie tu. Niliogopa kuonekana nikipanda darini.

Mzee Mutua aliitwa, akafika saa ikikaribia. Alipima kebo, akaniuliza nimeunga wapi. Nikaonyesha juu. Tulipomaliza kuvuta mpya, fomu ilikuwa imefungwa, na Mwende analia kimya kimya.

"Kasyoka," mzee akaniambia, "kuunga ni kosa la mkono, hilo nitakufundisha. Lakini masaa matatu umenyamaza. Hilo nitakufundishaje?"

Mwende alingoja mwaka mzima, akilima ndengu shambani kwao. Nilipita hapo kila asubuhi. Uliza kama niliweza kumsalimia.

Kwa hivyo pima, hesabu kupanda na kushuka, uache ziada pande zote mbili. Kebo ikipungua, toa yote, vuta nyingine. Na kazi yako ikimuumiza mtu, sema kabla hujaulizwa. Mulungu akupe mikono tulivu, mwanangu, na mdomo mwepesi wa kusema: kosa ni langu.